Avril Aliyejifunza Majina ya Ndege

Avril Stamper hakuwahi kuzipenda ndege. Alimpenda Royston, na Royston alizipenda ndege, basi mambo yakaishia hapo kwa ndoa yao yote. Kila kiangazi, uwanja wa nyasi wa kurukia ndege wa Thornby Fen ulipofanya maonyesho yake ya ndege za zamani za vita, Avril alifunga mikate ya jibini na vitunguu vya siki, akajaza chupa ya chai, wakaondoka pamoja. Lakini mume akishaelekea kwenye uzio na kamera yake, mke alibaki garini, mlango wazi, miguu nje, akijaza mafumbo ya maneno gazetini. Ndege zikinguruma juu ya kichwa chake aliziba sikio moja tu, maana mkono wa pili ulikuwa na kalamu.

"Umeiona ile?" Royston alikuwa akirudi akihema, pua nyekundu kwa upepo.

"Nimeisikia."

"Hurricane ile, Avril! Hurricane!"

"Mwaka jana ulisema Spitfire."

"Mwaka jana ilikuwa Spitfire. Leo ni Hurricane. Mungu wangu, hivi mimi nimeoa nani?"

"Umeoa mtu anayekufungia mikate. Kaa ule."

Walikuwa watu wa kawaida wa Lincolnshire, watu wa mashamba tambarare na mbingu kubwa. Royston aliendesha lori la viazisukari mpaka mgongo ukakataa. Avril alipanga koliflawa kwenye makasha, katika banda baridi lililomwachia vidole visivyonyooka vizuri. Walikuwa na binti mmoja, Janine, aliyeolewa Leicester. Jioni Royston alikaa na picha zake za ndege, Avril akakaa na televisheni, na kila mmoja aliridhika kwamba mwenzake yuko pale.

Kiharusi kilimkuta Royston bustanini, asubuhi, akifunga miti ya maharage. Avril alimwona kupitia dirisha la jikoni akiketi chini taratibu, kama mtu anayepumzika. Akagonga kioo kumwambia chai tayari. Royston hakugeuka. Akagonga tena, kwa nguvu, akisema peke yake, "Huyu naye, masikio yote kayapeleka angani." Alipotoka nje na kikombe mkononi ndipo alipomwona mdomo wake umekwenda upande.

Hawakumpoteza. Ndivyo madaktari walivyosema, na Avril alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Mkono wa kulia ulikufa, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, na maneno yakaondoka. Royston alielewa yote aliyoambiwa. Macho yake yalijibu kabla hujamaliza kusema. Lakini akifungua kinywa lilitoka neno moja tu, na hakuna aliyejua lilikotokea: "Alhamisi." Akitaka maji, Alhamisi. Akitaka dirisha lifungwe, Alhamisi. Akikasirika kwa kuwa hakueleweka, alilitamka kama tusi, mate yakimruka, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza nyuso.

Mtaalamu wa usemi hospitalini, binti mwenye nywele fupi aliyeitwa Ottaway, alimwita Avril pembeni.

"Bi Stamper, zungumza naye sana. Usimzungumzie dawa wala choo tu. Mzungumzie kitu anachokipenda. Anapenda nini?"

"Ndege," Avril alisema. "Ndege za zamani."

"Vizuri sana! Basi mzungumzie ndege."

Avril aliendesha gari kurudi nyumbani, na njia nzima alijaribu kukumbuka jambo moja la kusema juu ya ndege. Alikumbuka majina mawili matatu. Hakujua lipi ni la ipi. Miaka yote ile mtu alikuwa amemweleza, tena kwa furaha, naye alikuwa akitafuta neno la herufi saba linaloanza na P.

Kiangazi hichohicho alimpeleka Thornby Fen. Alimtegemeza mpaka kwenye uzio, akamfungulia kiti cha kukunja, akamfunika miguu, kisha akaivaa kamera shingoni mwake mwenyewe. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Walikuwepo Ken Dowse, fundi bomba mstaafu mwenye tumbo kubwa na redio ndogo ya kusikiliza marubani, na Malcolm, mtu mwembamba aliyekuwa tarishi. Wawili hao na Royston walisimama mahali palepale kila mwaka kama waliopandwa.

"Roy! Mzee wa kazi!" Ken alipaza sauti, kama anayezungumza na kiziwi. "Umetuletea mpiga picha mpya?"

"Alhamisi," Royston alisema.

Malcolm alijifanya kufuta lenzi.

"Leo Jumapili, mzee," Ken alisema, akacheka kidogo, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Samahani, shemeji."

"Usijali," Avril alisema. "Ndilo neno lake."

Ndege ya kwanza ilipopita, Avril alibonyeza kamera mfululizo bila kupumua. Akainama akamwonyesha Royston kwenye kioo cha nyuma ya kamera. "Tazama, mpenzi. Nimeipata nzima, na mkia wake. Ni Spitfire, siyo?"

Royston aliitazama picha. Uso wake ukabadilika. Akaisukuma kamera kwa mkono mzima, kwa nguvu iliyomshtua Avril. "Alhamisi! Alhamisi!"

"Nimefanya nini?"

Ken aliinama akachungulia. "Aisee, shemeji, hiyo propela umeiua."

"Nimeiuaje?"

"Itazame ilivyosimama, kama feni iliyokatiwa umeme. Ndege iko angani, propela imelala usingizi! Kamera yako inafumba na kufumbua jicho haraka mno. Ipunguze mwendo, propela itoke duara kama moshi. Roy akiona picha za namna hiyo alikuwa anasema hiyo ni ndege ya kuning'iniza juu ya kitanda cha mtoto."

Royston alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo, macho yamejaa machozi ya hasira.

"Halafu," Malcolm alisema polepole, kama asiyetaka kusema, "siyo Spitfire. Ni Hurricane."

Avril alipunguza mwendo wa kamera kama alivyoelekezwa. Picha zote za mchana ule zilitoka na ukungu, kama mtu aliyepigwa picha akipiga chafya. Malcolm alikwenda kununua chipsi akachelewa kurudi, na aliporudi alisimama hatua chache mbali zaidi. Avril aliliona hilo. Royston naye aliliona.

Ndipo Avril alipopiga moyo konde. Baridi ilipoanza, alizishusha picha za mumewe kutoka kabatini akazitandaza kwenye meza ya jikoni, pamoja na vitabu vyake vya michoro ya ndege. Kila mchana baada ya kuosha vyombo aliketi upande huu, Royston upande ule, akajifunza kama mtoto wa darasa la kwanza. Spitfire ina bawa jembamba lililochongoka kama jani. Hurricane ina mgongo wa kibyongo na bawa nene. Spitfire ikikunja magurudumu huyatupa nje, na Hurricane huyakunja yakakutana tumboni. Avril alisema, Royston akatikisa kichwa kukubali au akagonga meza kukataa. Akikosea mara tatu, mume alifumba macho kwa uchungu wa kweli, kama mtu anayesikia fidla ikipigwa vibaya.

"Usinifumbie macho wewe," Avril alimwambia. "Wewe hujui hata koliflawa ya daraja la kwanza na ya pili."

Siku moja ya mvua alikuwa amechoka, kidole chake kikaangukia picha ya ndege ndogo ya njano yenye mabawa mawili kila upande, ile Tiger Moth ambayo hata yeye asingeikosea tena. Kwa uchovu tu akasema, "Na hii bila shaka ni Lancaster."

Lancaster ina injini nne na ni kubwa kama ghala. Royston alimtazama. Halafu kifuani mwake kikatoka kitu ambacho Avril hakukitambua mara moja, mkoromo wa kukatikakatika kama gari linalokataa kuwaka. Alikuwa anacheka. Mdomo umekwenda upande, mabega yanatikisika, anacheka.

Tangu hapo ukawa mchezo wao. Avril aliziita ndege kila jina lisilo lake, Royston akagonga meza na kucheka mpaka machozi. Avril akaichukua picha ya ndege kubwa ya abiria, akasema ni helikopta. Akachukua picha ya Janine siku ya harusi, akasema, "Hii nayo ina injini mbili, tena zenye kelele," na Royston akamshika mkono kwa mkono wake mzima, asiuachie.

Wiki hizo zilikuwa njema kuliko nyingi za ndoa yao. Avril aliamini ni mwanzo wa kitu.

Mwezi wa pili kiharusi kilirudi, Royston akiwa usingizini. Safari hii hakikuacha hata Alhamisi. Daktari aliyemwona Avril alikuwa mzee mpole aliyekwishasema maneno hayo kwa watu wengi. "Tusitegemee mengi, Bi Stamper," alisema, akainamia viatu vyake.

Royston alirudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu. Alilishwa, akavishwa, akageuzwa kitandani. Macho yake yalikuwa wazi lakini yalitulia popote yalipowekwa, kama taa iliyosahauliwa. Avril alimtandazia picha mezani. "Hii ni Lancaster," alisema, akionyesha Tiger Moth. Akasubiri. Akasema tena, kwa sauti ya juu zaidi. Royston alitazama ukingo wa meza.

Mtu mwingine angezifunga picha zile. Avril alifanya kinyume. Alisoma kuliko mwanzo, mchana kutwa, kana kwamba tatizo lilikuwa ujinga wake, na siku akijua vya kutosha mumewe atageuka. Alijifunza kutenganisha hata Spitfire na Spitfire: hii ya zamani, aina ya tano, ina propela ya mapanga matatu puani, ile iliyofuata, aina ya tisa, ina ya manne; chini ya mabawa hii ina kipoza injini kimoja kikubwa na kingine kidogo, ile ina viwili vinavyolingana. Alikwenda pembeni mwa barabara kuu na kamera, akapiga picha magurudumu ya malori mpaka akajua mwendo wa kamera unaozungusha gurudumu bila kuliharibu lori lenyewe. Madereva walimpigia honi.

Janine alikuja kutoka Leicester akakuta jiko limejaa picha, mabakuli ya jana hayajaoshwa.

"Mama, unamfundisha nani? Baba au wewe mwenyewe?"

"Baba yako anasikia."

"Mama."

"Nimesema anasikia, Janine. Nipe hicho kikombe."

"Nimepata nyumba nzuri ya kutunzia wazee. Safi, ina bustani. Huwezi kuendelea kumnyanyua hivi, angalia mgongo wako."

"Baada ya maonyesho," Avril alisema.

Alikuwa na sababu. Kulikuwa na ndege moja ambayo Royston hakuipata angani maisha yake yote, Lysander, ndege ya vita yenye mabawa ya juu yanayosinyaa karibu na mwili na miguu minene isiyokunjwa, mfano wa buti. Alikuwa na picha zake nyingi, zote imeegeshwa chini. Kila mwaka ilipotangazwa kuja Thornby Fen, mawingu yalishuka au injini ilikataa, na Royston alirudi kwenye gari akasema, "Mwakani," akamega mkate wake. Mwaka huu ilitangazwa tena.

Siku yenyewe anga lilikuwa jeupe, juu, bila upepo, hali nzuri ya kurusha ndege. Avril alimsukuma kwenye nyasi hadi mahali pao. Ken alikuwepo peke yake.

"Malcolm yuko wapi?"

Ken alijikuna shingo. "Anakwenda upande wa pili wa uwanja siku hizi, shemeji. Anasema mwanga ni mzuri zaidi."

"Mwanga," Avril alisema.

"Si mtu mbaya. Hawezi tu kuvumilia. Anamwona Roy, anajiona yeye."

"Na wewe?"

"Mimi mnene," Ken alisema. "Siwezi kutembea mpaka upande wa pili."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Avril alitabasamu. Akamgawia mkate.

Ndege zilikuja moja moja. Avril alizitaja kwa sauti ya kawaida, karibu na sikio la mumewe: Chipmunk hiyo, mpenzi; hiyo Anson; hiyo Spitfire, aina ya tisa, hesabu mapanga ya propela. Watu waliosimama karibu walianza kumsikiliza yeye badala ya mtangazaji wa kipaza sauti. Ken alimtazama kwa upande, akapunguza sauti ya redio yake.

Halafu ikaja sauti nyingine, nzito, ya polepole. Avril aliijua kabla hajaiona. Ikatokea juu ya miti ya popla upande wa mashariki, mabawa yake juu ya mgongo, miguu minene inaning'inia, inakwenda taratibu mno kama isiyo na haja ya kufika.

"Royston," Avril alisema. "Royston, Lysander. Imekuja. Inaruka. Tazama!"

Royston alikuwa ameinamisha kichwa. Kidole chake kimoja kilichezea pindo la blanketi, kikivuta uzi, kikiuachia, kikiuvuta.

Avril alipiga magoti kwenye nyasi. Akamshika kidevu, akakiinua kwa upole kuelekea angani. Shingo ilikaza. Alipoongeza nguvu, kooni mwa Royston kulitoka mlio wa kukataa, mdogo, kama wa mnyama anayesumbuliwa usingizini. Ndege ilipita juu yao hasa, kivuli chake kikawapitia usoni wote wawili. Royston hakupepesa jicho. Avril alipokiachia kidevu, kichwa kilirudi chini, na kidole kikautafuta uzi wake.

Kwa muda Avril alibaki magotini. Kisha akasimama, maana ndege ilikuwa inageuka irudi, akainua kamera, akaifuata na mwili mzima kama alivyojizoeza na malori, akabonyeza. Hakujua kwa nini. Mikono ilijua kazi, ikaifanya.

Ilitoka picha safi kabisa. Propela duara la moshi, herufi za ubavuni zinasomeka, rubani ameinua mkono. Aliiweka kamera mbele ya macho ya mumewe. Royston aligusa kioo kwa kidole, akakisugua kidogo, kama anayefuta uchafu, akaacha.

Ken alikuja akachungulia.

"Shemeji," alisema, "hata Roy hakuwahi kupiga hivi. Umekuwa fundi."

"Fundi wa nini, Ken?" Avril alisema. "Niambie. Fundi wa nini?"

Ken alimsaidia kusukuma kiti mpaka kwenye gari, wakamnyanyua Royston pamoja, wakamfunga mkanda. Nyuma yao umati ulipiga makofi, ndege nyingine inaanza. Avril hakugeuka kuitazama.

Mwezi uliofuata Royston alihamia ile nyumba ya wazee. Kweli ilikuwa safi, na bustani ilikuwepo. Janine alitaka kubandika picha ya Lysander ukutani mwa chumba, ikiwa imekuzwa na kutiwa fremu. Avril akamwambia afanye anavyoona. Wahudumu waliisifu. Royston alilazwa akielekezwa ukuta wa pili, kwa sababu ya vidonda vya mgongo.

Avril alikwenda kila siku saa za chakula cha mchana. Aliacha kuzungumzia ndege. Alimweleza habari za bei ya maziwa, jirani aliyekata mti, mvua. Baadaye hayo nayo yalipungua. Kamera aliiweka kwenye droo ya mataulo, betri ikaisha yenyewe.

Kiangazi kingine kilipofika, Ken alipiga simu.

"Jumapili hii, shemeji. Nitakushikia nafasi."

"Nitaona, Ken."

"Watu wanakuulizia. Yule mwanamke wa majina, wanasema."

"Nimesema nitaona."

Jumapili hiyo alikuwa amekaa kitandani kwa mumewe, bakuli la kastadi mapajani, kijiko mkononi. Royston alikuwa amekonda hata pete ilitolewa isije ikapotea. Dirisha lilikuwa wazi kwa joto. Kutoka upande wa Thornby Fen ulikuja mngurumo, ukakua, ukatikisa glasi juu ya meza, na ndege ikapita karibu kabisa na paa na kuondoka zake. Rasa, mhudumu kijana kutoka Lithuania, alikimbilia dirishani na mashuka mikononi.

"Yesu! Mabawa mazuri hayo! Ni ndege gani hiyo, mama? Unaijua?"

Ilikuwa Spitfire, ya aina ya tano, mapanga matatu. Avril hakuhitaji kuinua kichwa.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Akasubiri Royston ameze, akachota kijiko kingine.